Mabuti Kando ya Mkeka

"Usikanyage," alisema Sajini Tolliver.

Badawi Mselem alikuwa hajakanyaga kitu. Alisimama mlangoni, koti limelowa, masikio yamekufa ganzi, akitazama sakafu. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya na kampuni ya bima: kutazama mpaka wenzake wachoke. Kazi hiyohiyo aliifanya miaka mingi katika polisi ya Mombasa, na huko angalau sakafu zilikuwa na joto. Washington ya Januari 1985 ilikuwa na kila kitu isipokuwa joto.

Nyumba ile ya maonyesho, katika mtaa wa Shaw, zamani ilikuwa duka la samani. Mwenyewe, Bwana Pruett, alikuwa ameipaka sakafu rangi nyeusi tii na kuta rangi nyeupe, akaondoa kila kitu ambacho binadamu angeweza kukalia. Upande mmoja aliweka mnara wa msanii mwingine, wa radieta kuukuu za chuma za kupashia nyumba joto, moja juu ya nyingine, zimepita kimo cha mtu. Katikati ya chumba palitandikwa mkeka wa ukindu. Juu ya mkeka kulikuwa na kikombe cha kahawa, kandili isiyowashwa, na pengo. Mpaka Jumamosi mchana, pengoni hapo palikuwa na msahafu wa kale, ulioandikwa kwa mkono, asili yake Lamu. Msanii aliyeipanga kazi hiyo, kijana wa New York ambaye Lamu alipita wiki moja tu, aliiita Nyumba Bila Watu.

"Mlango haukuvunjwa," alisema Sajini. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mafua. "Pruett alikuwa ghorofani anaongea na simu. Mlinzi anaapa kuwa hakutoka chumbani hata dakika moja, na kwamba hakuingia mtu, kwa sababu ya theluji. Basi kitabu kimeota mbawa?"

"Na mlinzi yuko wapi?"

"Rumande. Kesho asubuhi Bwana Pruett anasaini malalamiko, kijana anafunguliwa mashtaka. Na viza yake ya masomo imekwisha. Sisi tukimaliza naye, Uhamiaji wanamngoja nje."

"Mna ushahidi gani mwingine?"

Sajini akaonyesha mkeka kwa kalamu. "Nje kote wamemwaga chumvi ya kuyeyusha theluji. Kila anayeingia huacha alama nyeupe kwenye sakafu hii. Sasa nionyeshe alama moja tu juu ya mkeka. Aliyekwenda kuchukua kitabu alikuwa na viatu vikavu. Alikuwa humu tangu asubuhi."

Hoja haikuwa mbaya. Badawi akachuchumaa, magoti yakalia. Kutoka mlangoni ilikuja mistari miwili myeupe, membamba, sambamba, ikaishia hatua chache kabla ya mkeka. Kiti cha magurudumu. Nyuma ya mistari, nyayo za mtu mmoja aliyekuwa akisukuma. Na sakafuni, kando kabisa ya mkeka, alama mbili za mabuti zimekaa pamoja, visigino vimeelekea mkekani, ncha zimeelekea mlangoni.

"Sakafu inapigwa deki lini?" aliuliza.

"Kila asubuhi kabla ya kufungua, na tangu Jumamosi hatujafungua," alijibu Bwana Pruett kutoka ngazini. Alikuwa amevaa sweta jeusi lililomfikia kidevuni.

"Kwa hiyo hizi ni za Jumamosi. Mlinzi wako anasema hakuingia mtu, nami naona waliingia wawili."

"Basi anadanganya," alisema Pruett. "Ndivyo tunavyosema sote."

"Sajini, mabuti haya unayaonaje?"

"Mtu alikuwa anatoka."

"Anayetoka huacha mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Haya yamekaa kitako mpaka maji yakakauka na chumvi ikabaki. Hayakuwa na miguu ndani."

Sajini akapenga kamasi, akafikiri. "Nani avue viatu humu? Mimi hata soksi ningezivaa mbili."

Badawi alijua ni mtu wa aina gani, ila hakujua jina.

*

Kalisti Ngonyani aliletwa chumba cha mahojiano akiwa bado na sare ya ulinzi, bila mkanda. Alikuwa mtoto wa Songea, Mkatoliki, mwanafunzi wa uhasibu aliyeishiwa ada.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Uliondoka pale chumbani?"

"Hapana."

"Kalisti, mimi si polisi wao, na nimetembea kwenye theluji kuja hapa. Uliondoka?"

Kijana akatazama meza. "Mabomba yalikuwa yanagonga. Boila ya kupasha nyumba joto ilizima. Nikashuka chini kuiwasha, ikanisumbua. Bosi alishasema, nikiacha chumba, kibarua kimeota nyasi."

"Ukawadanganya polisi usifukuzwe kazi."

"Ndiyo."

"Na sasa una kazi?"

"Sina." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyejichoka. "Niliporudi, kitabu hakipo. Mtu sikumwona. Kaka, mimi nikirudishwa Songea hivi, na jina la mwizi, mama ataniangaliaje? Waliuza shamba la kahawa nije huku."

"Mkeka ule wewe uliwahi kuukanyaga?"

"Kila jioni nilikuwa nakipangusa kile kikombe vumbi."

"Kwa viatu?"

"Kwa viatu. Kwani kuna ubaya?"

"Kwenu hapana," alisema Badawi, akasimama.

*

Mtu wa kwanza aliyemjia akilini ni Ghalib, na ndiye aliyempotezea mchana mzima. Ghalib wa Lamu, sasa mpakia mizigo huku Marekani, ndiye aliyemuuzia msanii ule msahafu, alipobanwa na shida. Mtu akiuza kitu cha wazee wake huweza kujuta, na akijuta huweza kwenda kukichukua. Badawi akaendesha gari hadi Sterling, wipa zikilia, malori ya chumvi yakimrushia tope. Alimkuta Ghalib akila chakula chake ndani ya gari, karibu na uwanja wa ndege wa Dulles alikopakia mizigo.

"Jumamosi nilikuwa shifti tangu alfajiri," alisema Ghalib. "Nime-clock in, nime-clock out. Kamuulize supavaiza wangu, yule pale."

Badawi alikwenda, akauliza, akarudi. Ni kweli.

"Yule kijana aliniambia atauweka ndani ya kioo," Ghalib alisema. "Makumbusho, alisema. Kumbe atauweka chini, watu wapite na mabuti yao. Ningejua nisingemuuzia, hata ningelala njaa." Akafunika chakula, hamu imemwisha. "Wewe, Sheikh Badawi, uliuona?"

"Niliuona Desemba. Nilitumwa kuukagua kabla ya kukatiwa bima."

"Uko chini?"

"Kwenye mkeka."

"Ukafanyaje?"

"Nikaandika ripoti."

Ghalib akamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kwetu hata mlevi chakari akiukuta msahafu chini huuinua, akaubusu, akauweka mahali juu. Kisha ndipo akaendelea na ulevi wake."

Badawi aliona haya. Akaaga. Alikuwa amevuka daraja la Potomac, taa nyekundu imemsimamisha, ndipo maneno ya Ghalib yalipomrudia upya, safari hii kama mpelelezi. Aliyevua mabuti hakwenda kuuchukua msahafu. Alikwenda kuuinua. Na mtu akiinua kitu kwa adabu, hakifichi mkobani akatoroka nacho.

Hukiweka juu.

Aliingia nyumba ya maonyesho bila kupangusa miguu. Pruett alianza kulalamika. Badawi hakumsikiliza, alikuwa ameinua shingo, anazitazama kuta tupu, mabomba, fremu ya mlango, kisha mnara wa radieta. Juu kabisa, kwenye radieta ya mwisho, palikaa furushi dogo jeupe.

"Lile ni nini?"

"Ni sehemu ya kazi," alisema Pruett. "Msanii wa mnara aliliongeza mwenyewe. Linavunja uzito wa chuma. Nilimpigia simu kumsifu."

"Akasemaje?"

Pruett akasita. "Alishukuru."

Badawi akavua viatu, akapanda kwenye msingi wa mnara, akanyoosha mikono. Furushi lilikuwa mtandio wa pamba, umekunjwa mara tatu kwa uangalifu, na ndani yake umo msahafu, haujapata hata mkwaruzo. Mtandio ulinukia udi. Haukuwa udi wa dukani huku, ule wa vijiti. Ulikuwa udi wa chetezo, wa mwanamke aliyefukiza nguo zake mwenyewe.

"Haukuibwa," alisema. "Haujatoka chumba hiki."

Pruett aliketi ngazini. Rangi ilimrudi usoni, kisha akili nayo ikamrudi, bahati mbaya. "Ameuficha pale ili auchukue baadaye. Mlinzi. Nani mwingine angejua kuwa hakuna atakayetazama juu? Kesho nasaini."

Sajini Tolliver, alipopigiwa simu, alisema mambo yaleyale kwa huruma zaidi. "Niletee mwenye mabuti, Badawi. Harufu ya mtandio siwezi kuiweka mbele ya hakimu."

*

Mwanamke wa pwani, anayesukuma kiti cha magurudumu kwenye theluji. Hawezi kumleta mgonjwa kutoka mbali. Magurudumu hayaendi mbali katika hali ile. Basi mgonjwa anakaa palepale Shaw au mtaa wa pili, na ni mgonjwa apendaye maonyesho, maana hakuna anayelazimishwa kutoka na kiti siku kama hiyo. Badawi akaanza kuzunguka.

Maonyesho ya kwanza yalikuwa chumba cha televisheni nyingi zote zikionyesha sikio moja. Ya pili yalikuwa lundo la makaa ya mawe na mwanamume aliyeketi kando yake, na Badawi alimuuliza maswali mawili kabla ya kuambiwa kuwa naye ni sehemu ya kazi na haruhusiwi kujibu. Mtu angefikiri jiji hili lina uhaba wa watu walionyamaza barabarani. Mlangoni, binti wa kupokea makoti alimsaidia. Ndiyo, mwalimu mstaafu, Bibi Whitcomb, mwenye kiti. Hakosi maonyesho. Akili yake siku hizi huja na kuondoka. Anasukumwa na mwanamke wa Kiafrika, mrefu, mkimya, anayejifunika kichwa. Wametoka hapa sasa hivi.

Aliwakuta katika maonyesho ya tatu, mbele ya picha kubwa nyeupe isiyo na kitu. Bibi kizee, Mmarekani mweusi aliyefunikwa blanketi hadi shingoni, alikuwa akiitazama picha kwa furaha kamili. Nyuma yake alisimama mwanamke mtu mzima, na mabuti yake yalikuwa na michirizi ya chumvi.

"Assalamu alaykum," alisema Badawi.

Mwanamke aligeuka upesi, uso ukafunguka. "Wa alaykumu ssalam. Lo, Mswahili. Wa wapi, mwanangu?"

"Mombasa, mama. Badawi naitwa. Na wewe?"

"Mize. Mtu wa Tanga mie. Yaa Rabi, siku ngapi sijasikia salamu ikasalimika." Akamgusa bibi begani. "Huyu naye ananileta kwenye vinyago vyake hivi kila uchao. Mie nafuata joto tu. Nyumba za vinyago zina joto."

Badawi alimpenda palepale, na kazi ikamwia chungu. Akautoa mfukoni ule mtandio wa furushi.

Mize hakukana. Akaupokea, akaunusa, akaukunja. "Sikuwa na udhu siku ile. Ndiyo nikaunyanyua kwa mtandio. Hapakuwa na mwanamume mle, ni mie na bibi, kichwa wazi hakikudhuru kitu. Mtu gani anaweka maneno ya Mungu chini pamoja na kikombe? Nikasema niuweke juu, mwenyewe akija atauona."

"Hakuuona, mama. Amefungwa mtu."

"Nani?"

"Mlinzi. Kijana wa Songea. Wanasema ameiba. Kesho asubuhi wanamfungulia mashtaka, kisha wanamrudisha kwao."

Mize akashika mpini wa kiti kwa mikono miwili. "Amefungwa kwa ajili yangu."

"Ukiwaambia polisi ulivyoniambia mimi, atatoka."

"Niwaambie polisi." Sauti ilishuka. "Mwanangu, mie karatasi sina. Nalikuja kwa viza ya miezi sita, ikaisha, na binti yangu yuko Tanga anasoma uuguzi kwa hii mikono. Nikitaja jina tu, limekwisha. Unamhurumia huyo kijana? Nami namhurumia, wallahi. Lakini niache nilale na fikira, nitakujibu."

"Mashtaka ni kesho asubuhi, mama."

"Basi usinibane."

Bibi Whitcomb aliinua kichwa. "Mize, huyu mtu anataka kununua picha?"

"Hapana, bibi," alijibu Mize kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Anatazama tu."

Badawi alikitazama kiatu chake. Alipozungumza, alizungumza kwa upole, na kila neno lilikuwa kweli. "Hamkumaliza kutazama kule kwa Pruett siku ile. Mlete bibi kesho asubuhi, wanafungua mapema. Uje uone mwenyewe msahafu umekaaje. Mimi sitakuuliza neno mbele ya mtu yeyote. Nakuahidi."

Mize alimtazama machoni, kama mama anavyomtazama mtoto anayesema ameshiba. Kisha akaitikia kwa kichwa. Mtu huyu alikuwa Mswahili mwenziwe.

*

Asubuhi ile theluji ilianguka tena. Badawi alifika kabla yao, akamwomba Bwana Pruett jambo moja: aurudishe msahafu mkekani, palepale ulipokuwa, kwa ajili ya picha za bima. Pruett akauweka kwa mkono mmoja. Fomu ya malalamiko ilikuwa tayari kwenye meza ya mlangoni, kalamu juu yake. Sajini Tolliver alisimama kando ya mnara na leso yake.

"Yuko wapi shahidi wako?"

"Usiseme kitu. Tazama tu."

Mlango ukafunguka. Magurudumu yakaingia yakichora mistari yake miwili, na Bibi Whitcomb akasema kwa sauti ya mwalimu kwamba radieta zile ni kazi ya mtu mwenye huzuni. Mize aliingia nyuma yake, ameinamisha kichwa kukwepa theluji. Alimwona Badawi, akatabasamu. Akamwona askari, tabasamu likafa. Akarudi nyuma hatua moja, mkono umeshika mlango. Angeweza kutoka. Njia ilikuwa wazi, na hakuna aliyemjua jina isipokuwa mtu mmoja.

Ndipo alipoutazama mkeka.

Mize alisimama akiutazama msahafu pale chini, kando ya kikombe, kwa muda ambao Badawi aliona ni mrefu kuliko miaka yake yote ya upolisi. Kisha akauachia mlango. Akakisukuma kiti mpaka hatua chache kabla ya mkeka, akakifunga breki. Akainama, akavua buti moja, akavua la pili, akayageuza kwa mkono, akayaweka pamoja, ncha zikielekea mlangoni. Akavua mtandio kichwani mbele ya wanaume watatu, nywele zake za mvi zikaonekana. Akakanyaga mkeka kwa soksi, akauinua msahafu ndani ya mtandio, akaubusu, akaupandisha kifuani.

Sajini Tolliver alikuwa anatazama chini. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mabuti, yanatambaa juu ya rangi nyeusi, palepale palipokuwa na alama za Jumamosi.

"Sawa," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. Akaenda mlangoni, akaichukua fomu ya Pruett, akaikunja. "Mlinzi wako anatoka leo, Bwana Pruett. Mnaweza kugombana kuhusu boila wenyewe."

Pruett akaichukua kalamu mezani, akaitia mfukoni.

Badawi alikuwa ameshusha macho asione nywele za mtu mzima kama mama yake. Kazi imekwisha, na imekwisha vizuri. Kampuni haina cha kulipa, kijana anarudi kwa watu wake. Alijisikia mchafu.

"Uliujua uko chini," alisema Mize. Alisema kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti, uso umeelekea msahafu.

"Niliujua, mama."

"Ni wewe uliyewaambia wauweke."

"Ndiyo."

"Na jana uliniahidi hutaniuliza neno."

"Sikukuuliza."

"Hapana. Hukuniuliza." Akautazama mnara, kisha mikono ya Badawi, iliyokuwa bado ndani ya mifuko ya koti. "Umesimama hapa tangu asubuhi, nao uko chini, mwanangu?"

Badawi alitoa mikono mifukoni. Hakujua aipeleke wapi.

Sajini alikuja, amefungua kijitabu chake, amevua kofia. Hakuwa mtu mbaya. "Mwambie nashukuru," alisema. "Mwambie hakuna anayemshtaki. Lakini siwezi kumtoa yule kijana bila kuandika ni nani aliyeuhamisha. Nahitaji jina lake kamili, na anakokaa."

Bibi Whitcomb alikuwa amesinzia. Theluji ilikuwa inayeyuka kwenye blanketi lake.

"Anasemaje?" aliuliza Mize, ingawa alikuwa ameelewa.

"Anataka jina lako, mama."

Mize akaukumbatia msahafu kwa mikono miwili, akamwangalia mara moja tu.

"Mpe wewe," alisema. "Mimi mikono yangu ina kazi."

Sajini alingoja, kalamu juu ya karatasi. Badawi akalitaja: Mize, wa Tanga.